Kaa Bure, Ututunzie Bustani



Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ijumaa mbili zilizopita, baada ya swala ya Isha, bwana mmoja alinisubiri msikitini hadi watu walipotawanyika, kisha akaniuliza swali. Ana nyumba yenye uwanja mpana upande wa Mtwapa. Watoto wake wako ng'ambo, naye na mkewe miguu imechoka. Majani yamepanda hadi dirishani, na nyoka amekwisha kuonekana mara mbili karibu na tangi la maji. Uwani pana chumba kitupu chenye choo chake. "Maalim," akasema, "nikimpata kijana mwenye adabu nikamwambia akae bure mle chumbani, naye anitunzie bustani, mimi simtozi kodi wala yeye hanidai mshahara, je, kisheria pana ubaya?"

Nilinyamaza kidogo kabla ya kumjibu, kwani swali hilo lina habari yake nyumbani kwangu.

Bwana huyu hayuko peke yake. Kuanzia Diani hadi Watamu utazikuta nyumba za namna hiyo: mwenyewe yuko Mombasa mjini, au Nairobi, au Jeddah, au London, na nyumba imebaki na ua wa michongoma na mkungu unaomwaga majani. Upande wa pili wako vijana wanaoshuka kutoka Ganze, Kaloleni na Kinango kutafuta kibarua, ambao kodi ya chumba huwamaliza kabla hawajanunua unga. Haja mbili hizi zikikutana, kheri hupatikana: mmoja amepata mkono, mwengine amepata paa. Sikuandika makala haya kuwazuia watu wasifanye hivyo. Nimeandika kwa sababu ya neno moja lililomo ndani ya maneno ya yule bwana, nalo ni neno "bure".

Miaka kadhaa iliyopita nami nilimwambia kijana mmoja maneno hayo hayo. Alikuwa wa miaka ishirini na miwili, akifanya kibarua cha ujenzi, analala kwa rafiki yake katika chumba cha watu watano. Kiwanja chetu ni robo eka, na ardhi yenyewe ni mawe ya matumbawe yaliyofunikwa udongo haba. Ukipiga jembe, linalia. Nilitaka asumini dirishani, mdimu, mikomamanga miwili, mrehani kwa ajili ya mama watoto, na nyasi mbele ya baraza. Tulikubaliana kwa dakika tatu, tumesimama langoni. "Kaa bure, ututunzie bustani." Akasema, "Ahsante Maalim, Mungu akuzidishie." Hatukuandika kitu, hatukutaja saa wala siku. Usiku ule nililala na raha ya mtu aliyetoa sadaka.

Mwezi wa kwanza mambo yalikuwa mazuri. Alifagia majani baada ya Alfajiri, akamwagilia, akaenda zake kibaruani. Mkomamanga mmoja niliununua mimi. Wa pili aliuleta yeye kwa pesa zake, akaupanda karibu na mlango wa chumba chake, akauzungushia mawe.

Kisha maji ya bomba yakakatika, ikawa lori la maji linakuja usiku wa manane. Nani wa kulifungulia lango? Yupo kijana. Mwanangu mdogo anataka mtu wa kumfikisha madrasa, yupo kijana. Gari lina vumbi, gesi imekwisha, viti vya arusi ya jirani vinahitaji kubebwa: yupo kijana. Hakuna aliyemfanyia ukali. Kila mmoja wetu alimwomba kwa "tafadhali mwanangu", na kila mmoja hakujua mwenzake ameomba nini. Nilipokuja kukadiria baadaye, nikaona alikuwa akitufanyia kazi saa nne kwa siku, siku sita kwa juma. Asubuhi nyingi alichelewa kibaruani, na kibarua hakimngoji aliyechelewa.

Baada ya miezi kumi na minne, siku chache baada ya Idi, alimkabidhi mke wangu ufunguo, akashukuru, akabeba godoro lake akaenda. Nilikasirika. Nilisema mbele ya watoto wangu kwamba vijana wa siku hizi hawana shukrani. Mke wangu alikuwa akichagua mchele, wala hakuinua macho. Aliuliza tu: "Chumba kile ungekipangisha kwa pesa ngapi?"

Jirani yetu alikuwa akipangisha chumba kama kile kwa shilingi 3,000 kwa mwezi. Saa nne kwa siku, siku 26 za mwezi, ni saa 104, yaani siku 13 za kazi ya saa nane. Kibarua wa kufyeka na kulima mtaani kwetu wakati ule alilipwa shilingi 500 kwa siku. Siku 13 kwa 500 ni shilingi 6,500. Mke wangu aliandika hesabu hiyo nyuma ya kadi ya mwaliko wa arusi, akatoa 3,000, ikabaki 3,500, akazidisha kwa miezi 14. Shilingi 49,000. Akaiweka kadi juu ya meza yangu ya kusomea, akarudi kwenye mchele wake.

Kadi ile mpaka leo imo ndani ya kitabu changu, kwenye mlango wa ijara, mlango ambao mimi nausomesha kila mwaka.

Wanavyuoni wetu wametenganisha mambo ambayo ndimi zetu huyachanganya. Ukimpa mtu chumba akae, nawe hutaki kwake kitu, hata kukuokotea nazi iliyoanguka, hiyo ni ariya, yaani kuazima. Hiyo ndiyo bure ya kweli, na malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Lakini mara tu uliposema "naye anitunzie bustani", umekwisha toka katika ariya ukaingia katika ijara. Umenunua kazi ya mtu, na bei uliyotoa ni manufaa ya chumba. Naye amekodi chumba, na kodi aliyotoa ni jasho lake. Hapo hapana aliyemfadhili mwenzake. Ni wawili wanaobadilishana haki, na sheria inamtazama kila mmoja kwa jicho moja.

Kubadilishana huku kunajuzu. Madhehebu yetu ya Imam Shafi inakubali manufaa kuwa ujira. Hata wafuasi wa Imam Abu Hanifa, wanaozuia kubadilisha makazi kwa makazi, wanaruhusu makazi kwa kazi kwa kuwa hizo ni jinsi mbili mbalimbali. Na katika Surat al-Qasas tunasoma habari za Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipofika Madyan hana nyumba wala mali. Mzee yule alimtaka afanye kazi miaka minane ili amwoze binti yake, na akitimiza kumi hiyo itakuwa hiari yake mwenyewe, kwani hakutaka kumtia mashaka. Tazameni namna mkataba ule ulivyokuwa wazi: muda umetajwa, malipo yametajwa, na ziada imeitwa kwa jina lake, kuwa ni ziada. Laiti ningekumbuka hayo siku ile langoni.

Mahali ambapo mkataba wangu uliharibika ni katika kutojulikana. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, ametaja katika Minhaj kwamba ujira ni lazima ujulikane, na kwa hiyo haisihi kupangisha nyumba kwa ujira wa kuitengeneza, wala kukodisha mnyama kwa ujira wa kumlisha. Nilipokuwa mwanafunzi niliyapita maneno hayo mbio, nikidhani ni mambo ya watu wa kale na punda wao. Kumbe Imam alikuwa akiongea habari za chumba changu cha uwani. Matengenezo ya nyumba hayana mpaka unaojulikana. Leo ni bawaba, kesho ni paa zima. Bustani ndiyo zaidi. Masika yakiingia Aprili, majani unayafyeka Jumamosi, na Jumamosi ya pili hujui kama ulifyeka. Kaskazi inapovuma mwezi wa Januari hakuna cha kufyeka, lakini maji ya kumwagilia yanachotwa asubuhi na jioni. Anayesema "utunze bustani" bila ya kipimo amesaini karatasi tupu, na atakayeijaza ni yule mwenye nguvu kati ya wawili, naye ni mwenye nyumba.

Dawa imetajwa na washereheshaji wenyewe, nayo ni nyepesi. Itajwe kodi ya nyumba kwa kiasi kinachojulikana, kisha mwenye nyumba amruhusu mpangaji kuitumia kodi hiyo katika matengenezo. Kwa lugha yetu ya leo: semeni chumba hiki kodi yake ni kiasi hiki kwa mwezi, na kazi ya bustani ujira wake ni kiasi hiki kwa saa. Kisha mtazame nani anamdai nani. Kama zimelingana, mmelipana. Kama kazi imezidi, toa pesa. Kama chumba kimezidi, atoe yeye, au umsamehe, na hapo utakuwa umetoa sadaka kweli.

Na mkataba ukiwa umeharibika, kazi nayo imekwisha kufanywa, haki haipotei. Mfanyakazi anastahiki ujira wa mfano, yaani kile wanacholipwa wenzake kwa kazi kama hiyo, na mwenye chumba anastahiki kodi ya mfano. Hivyo ndivyo alivyohesabu mke wangu, ambaye masomo yake ya fiqhi yaliishia kwenye Safina.

Jambo jingine ambalo watu hulikosea ni kuchanganya saa na kazi. Kazi ya kuajiriwa hupimwa kwa muda au hupimwa kwa jambo linalofanywa, na kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba usikusanye yote mawili: usimwambie fundi ashone kanzu hii yote katika siku hii moja. Kwa bustani mimi naona muda ndio salama. Saa mbili kila asubuhi, siku tano, zikimalizika ameweka reki chini hata kama mkungu umemwaga majani tena nyuma yake. Utamwaga tena kesho. Mkungu ndio kazi yake.

Ndani ya saa hizo, wakati wa swala ya faradhi na udhu wake haukatwi katika ujira. Na hapa nataka ndugu zangu wasikilize vyema, kwa sababu vijana wengi wanaotushughulikia nyumba zetu si Waislamu. Imetajwa katika vitabu vya madhehebu yetu, na imenasibishwa na fatwa za Imam Ghazali, kwamba ukimwajiri Myahudi kwa mwezi na ikawa ada yao inajulikana, siku za Sabato zimetoka katika mkataba hata kama hamkuzitaja. Basi mimi naona Jumapili ya kijana Mkristo hukumu yake ni hiyo hiyo. Tusimgongee dirisha siku ya kanisa kwa ajili ya kumwagilia waridi.

Nasema na akina mama pia, na akina baba waliostaafu ambao hushinda barazani. Kijana anayelala uwani si mtoto wa nyumba anayetumwa dukani, wala si mlinzi wa usiku. Mtumeni kama mnavyomtuma jirani, na jirani ana haki ya kusema hana nafasi bila ya kununiwa. Kukwea mnazi si kazi ya mtunza bustani. Mkwezi ana ujira wake kwa kila mnazi, na akianguka kijana wa watu mtamwambia nini mamake? Chumba chake kiwe na mlango wake, na njia yake isipite jikoni, ili wenye nyumba wabaki na stara yao na yeye abaki na yake. Na tuache kumwita mtu "shamba boi" ilhali ana wajukuu.

Yule bwana wa Mtwapa alikuwa na hofu nyengine ambayo hakuitaja mpaka nilipoanza kuvaa viatu. Aliogopa kwamba mtu akikaa miaka mingi, atakidai kiwanja. Hofu hiyo pwani kwetu ina mizizi mirefu, na sio ya upande mmoja.

Kabla ya babu zetu wa karibu, mashamba ya minazi na nafaka ya Malindi, Mambrui na Takaungu yalilimwa na watumwa. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907, wengi waliokuwa watumwa hawakuwa na pa kwenda, na wenye mashamba hawakuwa na wa kuwalimia. Wakakubaliana, na mara nyingi kwa maneno matupu kama yangu: kaa hapa, lima mahindi na mihogo yako, uniangalizie minazi. Unguja na Pemba ikawa vivyo hivyo chini ya mikarafuu. Mkaazi alipanda chakula chake, na kwa kulima kwake shamba la mwenyewe likawa safi. Lakini pwani yote palikuwa na sharti moja lililojulikana bila ya kuandikwa: panda mihogo, usipande mti. Kwa mila zetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na wanaweza kuwa watu wawili. Aliyepanda mnazi amejipatia haki inayodumu kuliko maisha yake. Kwa hiyo watu waliishi hivyo baba hadi mjukuu, wamesafisha ardhi wasiyoruhusiwa kuikolezea mizizi. Leo kesi za maskwota wa pwani zikisomwa mahakamani, ndani yake mara nyengine pana babu wawili waliosimama langoni wakasemezana kwa dakika tatu.

Kwa sheria ya nchi, mtu aliyekalia ardhi ya mwenzake waziwazi kwa miaka 12, bila ya ruhusa ya mwenyewe, anaweza kwenda mahakamani kudai kwamba ardhi imekuwa yake. Neno zito hapo ni ruhusa. Anayekaa kwa idhini yako, na idhini hiyo imeandikwa, hawezi kusema amekaa kinyume na wewe. Basi karatasi ambayo mwenye nyumba anaikwepa kwa kuogopa kumpa mtu haki, ndiyo inayomlinda yeye mwenyewe. Na inamlinda kijana asiamshwe usiku akaambiwa atoke.

Karatasi yenyewe haihitaji maneno ya Kiingereza. Surat al-Baqara imetuusia kuandikiana deni linapokuwa na muda, likiwa dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Andikeni chumba kipi, tangu lini hadi lini, kodi yake ingekuwa kiasi gani, saa za kazi ni ngapi na kazi zipi zimo, na ziandikwe pia zile ambazo hazimo. Panga, jembe, reki, toroli na mpira wa maji ni juu ya mwenye nyumba. Ikiwa mmoja anataka kuacha, atoe taarifa ya mwezi mzima, kwani chumba na kazi vinaondoka pamoja na mtu asitupwe nje siku moja kwa kukosa vyote viwili. Kisha andikeni habari za miti. Ukimruhusu apande mti wake katika ardhi yako, jua kwamba fiqhi haikupi ruhusa ya kuung'oa siku ukimchoka ukamwachia hasara. Utamlipa upungufu, au utaununua kwa thamani yake, au utauacha kwa kodi. Kama hutaki hayo, nunua mche wewe.

Lipo jambo ambalo siwezi kulificha, kwa sababu msomaji akilikosa hapa atakutana nalo kwa wakili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mshahara wa mfanyakazi ulipwe kwa fedha ya Kenya, na inamtaka mwajiri ampe makazi yanayofaa au posho ya nyumba juu ya mshahara huo. Ajira ya miezi mitatu au zaidi inatakiwa iandikwe, na kuandika ni wajibu wa mwajiri. Mtunza bustani ametajwa pia katika amri za serikali za kima cha chini cha mishahara. Maana yake ni kwamba, mbele ya serikali, chumba peke yake si mshahara. Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Ikiwa kazi ni saa chache tu kwa juma, na kijana ana riziki yake pengine, basi mfanyeni kuwa mpangaji wenu, mtaje kodi na ujira kama nilivyoeleza, na kila mwisho wa mwezi mwandikiane mmelipana. Lakini ikiwa mnamtaka kila siku, huyo ni mfanyakazi. Mlipeni pesa taslimu mkononi, na chumba kiwe juu yake. Anayeona hilo ni ghali, apunguze bustani. Mrehani na asumini vinamea hata ndani ya debe.

Nirudi kwa deni langu. Mtume wetu s.a.w. ametufundisha tumlipe mfanyakazi jasho lake likiwa bado bichi, na katika Sahih Bukhari imo habari ya watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Hadithi hiyo nimeihutubia juu ya mimbari mara nyingi. Wiki ile sikuweza kuipanda mimbari. Nilimwomba mwenzangu ahutubu.

Ilinichukua muda kumpata. Niliulizia kwa mafundi wa ujenzi, kwa waendesha boda boda, kwa rafiki yake wa chumba cha watu watano, aliyekuwa amehama. Mwishowe nilimkuta Kikambala, kando ya barabara kuu, amejibandika kwa mzee mmoja mwenye kitalu cha miche. Alikuwa akijaza udongo na samadi katika mifuko. Aliniamkia kwa adabu ile ile, akanipa kibao nikalie. Nilimweleza. Akacheka kwa haya. "Lakini Maalim, si tulikubaliana bure?" Nikamwambia makubaliano yale yalikuwa na ila, na ila ilikuwa yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikijua. Nikampa ile kadi ya arusi aisome hesabu. Aliisoma mara mbili. Aliniuliza nani ameandika, nikamwambia ni Mama. Akanyamaza.

Sikuwa na shilingi 49,000 kwa mpigo. Tulikubaliana shilingi 7,000 kwa miezi saba, tukaandika, mzee wa kitalu na mteja mmoja wakawa mashahidi. Nilipoondoka aliniuliza kama mkomamanga uliokuwa mlangoni pake umezaa. Nikamwambia umezaa, na kwamba bado sijajua nimlipe kiasi gani kwa ajili yake. Alisema atafikiri.

Mwezi wa nne wa malipo alikuja nyumbani mwenyewe kuuona. Aliuzunguka, akakata tawi moja lililokauka, akasema mti kama ule kwenye kitalu wangeuuza kwa shilingi 1,500, lakini kwa kuwa maji yaliyoukuza ni yetu, tumpe 800. Mke wangu alizileta pesa kutoka ndani. Kisha akaangalia ile michongoma yetu iliyokuwa imemea ovyo, akasema anaweza kuja Jumamosi kuipunguza, na kabla sijafungua mdomo akataja bei yake: shilingi 700, chakula cha mchana mbali.

Wabillahi tawfiq.